Dawa ya Sonona kwa Maumivu ya Neva: Mambo Ambayo Mgonjwa Anapaswa Kuyafahamu

Mgonjwa wa kisukari anayelalamika kwamba nyayo zake zinawaka moto usiku kucha huweza kutoka hospitali akiwa na cheti chenye jina la amitriptilini. Afikapo nyumbani, kipeperushi kilichomo ndani ya pakiti kinamwambia kwamba dawa hiyo ni ya kutibu sonona. Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Wapo wanaodhani kwamba wamepewa dawa isiyo yao. Wapo wanaoona kwamba daktari hakuyaamini maumivu yao na amewahesabu kuwa na ugonjwa wa akili. Wengine humeza kwa siku tatu, wakapata usingizi mzito na kinywa kikavu bila nafuu yoyote, wakaiweka dawa kabatini na kurudi kwenye vidonge vya kawaida vya maumivu ambavyo vilikwisha kushindwa.

Kila moja ya hatua hizo humgharimu mtumiaji: fedha, usingizi, na wakati mwingine afya yenyewe. Somo hili limekusudiwa kumsaidia mtumiaji na jamaa zake kuelewa mambo matatu: kwa nini dawa ya sonona hutolewa kwa maumivu ya neva, nini hutarajiwa katika wiki za mwanzo, na ni hatari zipi zinazohitaji tahadhari. Somo hili halichukui nafasi ya ushauri wa daktari wala mfamasia, bali linamwandaa msomaji kuzungumza nao.

Maumivu ya neva ni ya namna gani?

Maumivu ya kawaida ni kengele ya tahadhari. Mtu akikanyaga mwiba, neva za mguu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, kisha habari hiyo hupanda hadi kwenye ubongo, naye huuondoa mguu. Mwiba ukitolewa na kidonda kikapona, kengele hunyamaza. Maumivu ya neva ni hali ambayo kengele yenyewe imeharibika. Inalia ijapokuwa hakuna mwiba.

Wagonjwa huyaeleza maumivu haya kwa maneno yanayofanana: kuungua, kuchomwa sindano, kupigwa shoti ya umeme, kutambaliwa na wadudu, au ganzi iliyochanganyika na maumivu. Kwa baadhi yao hata shuka ikigusa mguu huwa ni adha. Mara nyingi hali huzidi usiku, kazi za mchana zinapokwisha na nyumba ikawa kimya.

Vyanzo vyake ni vingi. Kisukari cha muda mrefu huharibu neva za miguu. Mkanda wa jeshi huweza kuacha maumivu yanayodumu miezi mingi baada ya vipele kukauka. Virusi vya UKIMWI huathiri neva, na baadhi ya dawa za zamani za kuvifubaza, kama stavudini, zilifanya hivyo pia. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuleta ganzi na maumivu ya miguu, hasa mgonjwa asipopewa vitamini B6. Ukoma, pombe kupita kiasi, upungufu wa vitamini B12, na mgandamizo wa neva kwenye uti wa mgongo ni vyanzo vingine. Mtu aliyetumia metformini kwa miaka mingi huweza kupungukiwa na vitamini B12, na hilo lina tiba yake.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la mgonjwa kwa daktari lisiwe "nipe dawa gani?" bali "chanzo cha maumivu haya ni nini?" Chanzo kinachotibika kisipotafutwa, dawa ya maumivu itafunika moto unaoendelea kuwaka chini ya majivu.

Ifahamike pia kwamba parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki kwa kawaida hazisaidii sana maumivu ya aina hii. Mtu anayemeza diklofenaki kila siku kwa miezi kadhaa hujiweka katika hatari ya vidonda vya tumbo na kuharibika kwa figo. Kwa mgonjwa wa kisukari, ambaye figo zake tayari zimo hatarini, hatari hiyo ni kubwa zaidi.

Kwa nini dawa ya sonona?

Mwili una njia zake za kutuliza maumivu. Kutoka kwenye ubongo hushuka neva zinazofika kwenye uti wa mgongo na kupunguza nguvu ya habari za maumivu kabla hazijapanda juu. Neva hizo hufanya kazi kwa msaada wa kemikali mbili za mwilini, noradrenalini na serotonini. Amitriptilini huzifanya kemikali hizo zidumu kwa muda mrefu zaidi pale zinapohitajika, na hivyo kuipa nguvu breki ya asili ya mwili. Pia hupunguza mwenendo wa neva zilizoharibika wa kurusha ishara ovyo.

Kemikali hizo hizo zinahusika na hali ya moyo wa mtu, yaani huzuni na furaha. Ndiyo maana dawa moja inaweza kufanya kazi mbili. Amitriptilini ilianza kutumika kutibu sonona mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wakati huo huo madaktari walianza kuona kwamba dawa za kundi lake zinatuliza maumivu ya neva.

Je, haiwezekani kwamba dawa huondoa huzuni tu, na mtu asiye na huzuni huyastahimili maumivu vizuri zaidi? Swali hili lilichunguzwa. Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 29 wa kisukari wenye maumivu ya neva, baadhi yao wakiwa na sonona na wengine bila sonona. Amitriptilini ilipunguza maumivu katika makundi yote mawili. Kiasi cha dawa nacho kinatoa fununu: kwa sonona, watu wazima kwa kawaida huhitaji miligramu 75 hadi 150 kwa siku, ilhali kwa maumivu ya neva wengi huanza na miligramu 10 au 25 usiku, na wengi hawapiti 75.

Basi mgonjwa aliyepewa dawa hii hajaitwa mwendawazimu, wala maumivu yake hayajatiliwa shaka. Na ikiwa maumivu ya muda mrefu yamemletea sonona pia, jambo linalotokea kwa wengi, hilo nalo si aibu. Amweleze daktari, kwa kuwa kiasi cha dawa na mpango wa matibabu huweza kubadilika.

Dawa nyingine ya sonona yenye ushahidi mzuri katika maumivu ya neva ni duloksetini. Fluoksetini, ijapokuwa ni dawa maarufu ya sonona, haina ushahidi wa namna hiyo. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba dawa yoyote ya sonona aliyonayo jirani itamfaa.

Nini hutarajiwa katika wiki za mwanzo?

Sababu kubwa ya wagonjwa kuiacha dawa hii ni kwamba usumbufu hutangulia na nafuu hufuata. Mtu asiyeambiwa hivyo mapema hudhani kwamba dawa imemkataa.

Katika siku chache za kwanza, yanayojitokeza zaidi ni usingizi, uchovu wa asubuhi na kukauka kwa kinywa. Wengine hupata choo kigumu, kizunguzungu wasimamapo ghafla, au ukungu machoni. Usingizi huo huwa ni faraja kwa mtu ambaye maumivu yalimnyima usiku, lakini humsumbua anayelazimika kudamka alfajiri. Kumeza dawa saa moja au mbili kabla ya kulala, badala ya kusubiri hadi kitandani, hupunguza uzito wa asubuhi. Kinywa kikavu husaidiwa na maji ya kunywa kidogo kidogo. Mgonjwa wa kisukari aepuke soda na peremende za sukari kwa ajili hiyo. Choo kigumu husaidiwa na maji ya kutosha, matunda na mboga za majani.

Kuanzia wiki ya kwanza hadi ya pili, usumbufu mwingi hupungua mwili unapozoea. Daktari anaweza kuongeza dawa hatua kwa hatua, kwa kawaida si chini ya siku chache hadi wiki moja kati ya hatua na hatua. Mgonjwa asijiongezee mwenyewe kwa kuona kwamba kidonge kimoja hakijamsaidia.

Nafuu ya kweli mara nyingi hupimwa baada ya wiki kadhaa. Ni kawaida kutoa nafasi ya wiki sita hadi nane, zikiwemo angalau wiki mbili katika kiasi cha juu ambacho mgonjwa anakimudu, kabla ya kuamua kwamba dawa imeshindwa. Ikishindwa baada ya hapo, kuibadilisha ni sehemu ya tiba, wala mgonjwa asijilaumu.

Msaada mmoja usiogharimu kitu ni daftari. Kila jioni mgonjwa aandike namba kati ya 0 na 10, sifuri ikiwa ni hakuna maumivu na kumi ikiwa ni maumivu makali kupita yote anayoweza kuyafikiri. Aandike pia saa alizolala na jambo moja aliloweza kulifanya siku hiyo, kama kutembea hadi sokoni au kusimama wakati wa ibada. Maumivu yakishuka kutoka 8 hadi 5, mtu anaweza asilitambue badiliko hilo siku kwa siku, lakini daftari litamwonyesha yeye na daktari wake.

Nafuu ni kiasi gani?

Mtumiaji anastahili kuambiwa ukweli. Dawa hizi hupunguza maumivu, na ni nadra kuyafuta kabisa. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kwa kila watu wanne hivi wanaotibiwa kwa dawa za kundi la amitriptilini, mmoja hupata nafuu kubwa, yaani maumivu kupungua kwa takribani nusu, ambayo asingeipata kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa kundi la duloksetini, idadi hiyo ilikuwa mmoja kwa kila sita hivi.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza lililowahusisha wagonjwa 130 wa kisukari wenye maumivu ya neva. Walipitia njia tatu za matibabu, zilizoanza kwa amitriptilini, duloksetini au pregabalini, na dawa ya pili ikaongezwa pale ya kwanza ilipokuwa haitoshi. Njia zote tatu zilitoa nafuu inayokaribiana: wastani wa maumivu ulishuka kutoka takribani 6.6 hadi 3.3 katika wiki 16. Hili lina maana kubwa kwa mfuko wa mtumiaji. Dawa ya zamani isiyo na gharama kubwa si lazima iwe dhaifu kuliko mpya ya bei ya juu. Uchaguzi hutegemea zaidi magonjwa mengine aliyonayo mtu na usumbufu anaoweza kuustahimili.

Hata hivyo, si kila maumivu ya neva huitikia. Katika maumivu yatokanayo na virusi vya UKIMWI, majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 1998 hayakuona amitriptilini ikikishinda kidonge kisicho na dawa. Mgonjwa wa kundi hilo asiyepata nafuu asilazimike kuendelea nayo kwa miezi mingi bila kuuliza njia nyingine.

Jambo jingine: dawa hutuliza maumivu lakini haiponyi neva. Mgonjwa wa kisukari aliyepata nafuu bado ana miguu yenye ganzi. Aikague kila siku, nyayo na katikati ya vidole. Asitembee peku, na apime joto la maji kwa kiwiko kabla ya kutia mguu. Kidonda kisichouma ndicho kinachoweza kufika mbali bila kuonekana.

Nani achukue tahadhari zaidi?

Kabla ya kuandikiwa dawa hii, mweleze daktari waziwazi ikiwa umewahi kupata shambulio la moyo au mapigo ya moyo yasiyo ya kawaida, una presha ya macho, tezi dume iliyovimba au shida ya kukojoa, kifafa, ugonjwa wa ini, au historia ya akili kupanda na kushuka kupita kiasi. Mjamzito, anayenyonyesha na mzee nao wahitaji uangalizi wa pekee. Kwa mzee, usingizi na kizunguzungu vikikutana na safari ya chooni gizani huweza kuishia katika kuanguka na kuvunjika nyonga.

Taja pia kila dawa unayotumia, zikiwemo za mitishamba. Pombe huzidisha usingizi na kupunguza umakini. Tramadoli ikichanganywa na amitriptilini huongeza hatari ya degedege na ya serotonini kuzidi mwilini. Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, kama klofenamini, huongeza ukavu wa kinywa na uzito wa kichwa. Dawa mseto ya malaria yenye artemeta na lumefantrini huweza kuongeza kiasi cha amitriptilini mwilini na kuathiri mapigo ya moyo. Hii haina maana kwamba malaria isitibiwe. Maana yake ni kwamba mtoa huduma anayekutibu malaria lazima ajue unameza nini, ili akuchagulie na kukuangalia ipasavyo.

Usiendeshe gari wala bodaboda, usitumie mashine wala kupanda mnazi, mpaka utakapojua jinsi dawa inavyokuathiri, hasa siku za mwanzo na kila kiasi kinapoongezwa.

Rudi kituo cha afya mara moja ukipata mapigo ya moyo ya kasi au yanayorukaruka, kuzirai, degedege, mkojo kukwama, macho kuuma na kuona ghafla kwa shida, au kuchanganyikiwa. Vivyo hivyo yakikujia mawazo ya kujidhuru. Mawazo ya namna hiyo huweza kujitokeza mwanzoni mwa matibabu, hasa kwa vijana walio chini ya miaka 25, nayo yanahitaji msaada wa haraka bila lawama. Jamaa wa nyumbani nao wayafahamu haya, kwa kuwa mara nyingine wao ndio huona kwanza.

Usiache ghafla

Mtu aliyekwisha kuzoea dawa akiiacha kwa siku moja huweza kupata kichefuchefu, maumivu ya kichwa, wasiwasi, kutokwa jasho na usingizi wa mang'amung'amu. Wengi hudhani kwamba wamekuwa watumwa wa dawa. Sivyo. Hawana uraibu wala tamaa ya kuongeza dozi, bali mwili ulikuwa umeizoea dawa na umenyang'anywa ghafla. Daktari hupunguza kidogo kidogo, kwa kawaida katika muda wa takribani wiki nne. Basi usisubiri kidonge cha mwisho kiishe ndipo ufunge safari ya kliniki. Ukisahau dozi ya usiku, subiri usiku unaofuata, na usimeze mbili kwa pamoja.

Kununua, kuhifadhi na kutoa taarifa

Amitriptilini hutolewa kwa cheti cha daktari. Inunue katika famasi iliyosajiliwa, ikiwa katika pakiti yenye jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Soma nguvu yake kwa makini. Kidonge kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 25, na aliyeandikiwa miligramu 10 amuulize mfamasia afanyeje badala ya kukikata kwa kukisia.

Usimpe mwingine dawa yako, hata kama maumivu yenu yanafanana. Ifungie mahali pa juu pasipofikiwa na watoto. Dawa hii ikizidi mwilini huathiri moyo na ubongo, na vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Mtoto akishukiwa kumeza, apelekwe hospitali papo hapo pamoja na pakiti, hata kama bado anacheza.

Usumbufu wowote unaoshukiwa kutokana na dawa utolewe taarifa kwa mtoa huduma wa afya au kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Si lazima uwe na uhakika kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, kwani kushuku kunatosha. Taarifa ya mtu mmoja huonekana ndogo, lakini zikikusanywa ndizo zinazoonyesha hatari ambazo majaribio hayakuziona.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako amemeza amitriptilini kwa siku nne, ana usingizi na hajapata nafuu. Anataka kuitupa. Utamwambia nini? Jibu: Usingizi hutangulia na nafuu hufuata baada ya wiki kadhaa. Aimeze mapema jioni, aandike maumivu yake katika daftari na awasiliane na daktari kabla ya kuacha. Lakini akiwa na dalili yoyote ya hatari iliyotajwa juu, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

2. Mzee wako mwenye tezi dume ameandikiwa dawa hii na hakuulizwa kuhusu mkojo. Afanye nini? Jibu: Arudi kumweleza daktari kabla ya kuanza, kwa kuwa mkojo unaweza kukwama.

3. Maumivu ya miguu yamepungua kutoka 7 hadi 3. Je, ukaguzi wa miguu sasa hauna haja? Jibu: Una haja ile ile. Maumivu yamepungua, ganzi haijaondoka.

4. Ndugu anasema kwamba aliyepewa dawa ya sonona ana ugonjwa wa akili. Utamjibuje? Jibu: Dawa moja huweza kutibu mambo mawili. Hii imethibitika kupunguza maumivu hata kwa wasio na sonona, na mwenye sonona naye ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, anastahili tiba na heshima.